Mzimu Unaopumzika Jumapili

"Basi niambie wewe, Mama Arero," Ruweida alikuwa anasema, mkono mmoja kiunoni na mwingine umeshika mwiko kama rungu. "Kama humo ndani hakuna mzimu, anjera zangu zinaliwa na nani?"

Kaltuma hakuinuka. Alikuwa amekalia jerikeni la maziwa lililopinduliwa, mgongo ameuegemeza kwenye mlango wa chumba cha mwanawe, utepe wa polisi ukipita juu ya kichwa chake kama kamba ya kuanikia nguo. Alijibu kwamba mtu asiyejua kuficha chakula chake asimsingizie marehemu. Kisha akasikia neno lililomtoka, akajishika mdomo, akalirekebisha polepole: asimsingizie mtoto ambaye hayupo.

Ua ulikuwa umejaa. Wanawake waliokuja kusaga mahindi kwa Mbugua walikuwa wameweka mabeseni chini na kuigeuza foleni, badala ya kuelekea mashine ikaelekea ugomvi. Ruweida naye si mtu wa kupata wasikilizaji akawapoteza. Akawahesabia kwa vidole: usiku wa Jumamosi anjera mbili, mikate yake laini ya kumimina, Jumapili mbili, jana mbili na bakuli la mchuzi, zote jikoni kwake, na sufuria inarudishiwa kifuniko kwa adabu, kama aliyekula amelelewa na mama anayejiheshimu. Na mchana, chumba hiki kilichofungwa na serikali kinalia gitaa. Wateja wake wa kushona sasa wanapeleka vitambaa kwingine. Akasema leo, polisi waje wasije, atalitoa lile dude la muziki la humo ndani kwa mikono yake mwenyewe akalichomee jalalani.

"Ukishika huo mlango," Kaltuma alisema, "utanikanyaga mimi kwanza."

"Nitakuvuka, dada. Sina haja ya kukukanyaga."

"Hakuna atakayemvuka mtu," ilisema sauti nyuma ya mabeseni.

Sajini Wakiuru, mwanamke wa idara ya upelelezi, alikuwa amekuja kwa miguu, bila gari wala kelele, viatu vimekuwa vyeupe kwa vumbi la Chechelesi. Aliwatolea wale wawili salaam aleikum, waliobaki akawaambia habari zenu, akapita katikati akiwa ameushika ufunguo mkononi ili uonekane. Miaka mitatu Isiolo ilikuwa imemfundisha kwamba faili hukaa kituoni lakini kesi hukaa hapa, kwenye foleni ya mashine, na mtu akitaka kuisoma sharti asimame jua limpige kama wengine.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Arero, mwana wa Kaltuma, na rafiki yake Luke walikuwa na bendi ya muziki wa metali waliyoiita Mfupa Mkavu. Bendi ya watu wawili: Arero kwenye gitaa, Luke kwenye gitaa la besi na kuimba, ngoma zikitoka kwenye simu. Ijumaa alasiri walikuwa humo chumbani wakipiga. Majirani walisikia ukelele, lakini kwa muziki ule nani atajua ukelele wa wimbo na ukelele wa mtu? Mara stima ya nyumba zote za ua ikakatika, kukawa kimya. Saa moja baadaye Kaltuma akarudi kutoka kuuza maziwa, akamkuta Luke chini, kichwa kimepasuka, damu sakafuni. Arero hakuwepo. Simu yake ilikuwepo, viatu vyake vya patipati vilikuwepo, gitaa halikuwepo.

Luke alibebwa kwa Landikruza ya polisi akiwa amefunikwa leso. Alizinduka hospitalini, na Jumamosi akatiwa selo. Ruweida alikuwa ameandikisha kwamba Alhamisi aliwasikia wakigombana, Luke akitaka kuipeleka Nairobi amplifaya, kikuza sauti chao, na Arero akikataa. Bosi wa Wakiuru, Inspekta Ndungu, alikwisha kuipanga hadithi kichwani: walipigana, Luke akamuua mwenzake, akamtupa huko lugani, kwenye mto mkavu, akarudi kufuta damu, akaanguka. Jumatatu korti iliwapa siku mbili. Leo ni Jumanne. Kesho asubuhi Luke atasomewa shtaka la kuua, na Ndungu alikuwa amemwambia Wakiuru kwamba ikifika saa kumi bila maiti wala mtu hai, atie sahihi kwenye faili na aache kusumbua watu wa Chechelesi.

Wakiuru alikuwa na swali moja tu ambalo hadithi ya Ndungu haikulijibu. Muda wa saa moja tu, mchana kweupe, kwenye mtaa ambao mtu hawezi kuhamisha kuku bila kuulizwa anampeleka wapi. Luke alimpitisha wapi maiti asionekane?

Alimwambia Kaltuma asogee kidogo. Kaltuma akasogea, jerikeni na yeye. Ndipo mashine ya Mbugua ikawashwa nyuma ya ua, ukanda ukapiga makofi, ardhi ikaanza kutetemeka chini ya nyayo. Kabla mtu hajavuta pumzi tatu, chumba kikalia.

Sauti yenyewe ilikuwa ndogo, nzito, yenye kutu, ikishuka taratibu, ikishuka tena, kama mnyororo wa ndoo kisimani usiofika majini. Mwanamke mmoja akasema bismillahi. Mwingine akajifanyia ishara ya msalaba. Foleni nzima ilirudi nyuma hatua moja, bila mtu kuambizana na mwenzake.

Kufuli lilikuwa salama. Utepe haukuwa umekatwa. Ufunguo ulikuwa kwa Wakiuru tangu Ijumaa jioni, na kwa siku zote hizo hakuna mwingine aliyeushika. Akafungua.

Ndani hamkuwa na mtu.

Kulikuwa na godoro, simu iliyokufa chaji, patipati zimekaa sambamba chini ya kitanda, doa jeusi sakafuni. Na kwenye pembe ilisimama amplifaya. Arero aliitengeneza mwenyewe: sanduku la mbao za madawati ya shule, spika kubwa aliyopewa msikitini walipoleta mpya, na redio ya lori aliyoifanya kuwa moyo wake. Kuzuia vumbi aliivika ngozi ya mbuzi mweusi, manyoya hayajanyolewa. Juu yake kulikuwa na mkebe wa maziwa ya unga wenye swichi moja. Huo ndio uliolifanya gitaa lingurume kama mnyama. Taa ndogo nyekundu ilikuwa inawaka. Kila noti ilipotoka, manyoya ya mbele ya spika yalisimama, kisha yakalala, kisha yakasimama, kama kitu kinachopumua.

"Umeona sasa," Ruweida alinong'ona nyuma yake. "Hakuna anayepiga, na inapigwa."

Wakiuru hakuigusa. Asubuhi hiyo alikuwa amekaa na Luke selo kwa muda mrefu, akamfanya arudie maelezo mpaka kijana akachoka kudanganya kama alikuwa anadanganya. Luke alikuwa na malengelenge kwenye midomo na alama nyeusi kwenye vidole vinne vya mkono wa kushoto. Kwenye faili iliandikwa kwamba alipigwa na marehemu akijitetea. Luke mwenyewe alisema hakupigwa na mtu. Alikuwa ameshika besi, akasogeza mdomo kwenye maikrofoni, na hapo dunia ikazima. Kitu kingine alichokisema, tena kwa masikitiko, ni kwamba siku hiyo amplifaya ilikuwa safi. Siku zote ilikuwa na mngurumo mbaya chini kwa chini, hata usipopiga. Ijumaa ilikuwa imenyamaza kabisa, na Arero alikuwa anacheka kwa furaha.

Akatoka mlangoni akauliza ua mzima swali moja. Ijumaa stima ilipokatika, nani alienda kuzima meni swichi pale ukutani?

Wakatazamana. Hakuna. Ruweida alisema yeye aliikuta imeshuka jioni, baada ya polisi kuondoka, akaipandisha maana alikuwa na pasi na gauni la bibi harusi.

"Kwa hivyo ilizimwa kwa mkono," Wakiuru alisema. "Haikukatika yenyewe."

"Ilishushwa, afande. Nilisema labda ni watoto."

Wakiuru akaliandika hilo kwenye kijitabu chake, akalipigia mstari. Kisha akatuma mtu kwa Mbugua amwombe bisibisi ya kupimia stima.

Mbugua aliileta mwenyewe, akiiacha mashine ikisaga, mzee mfupi mweupe kuanzia kofia mpaka viatu, unga umemkalia hadi kwenye kope. Alimsalimia Wakiuru kwa Kikuyu, naye akamjibu kwa Kiswahili, maana ua ulikuwa na masikio. Akachuchumaa mbele ya amplifaya, akatafuta skrubu moja ya chuma kwenye ngozi, akaigusa kwa ncha ya bisibisi. Taa ndani ya mpini ikawaka.

Mbugua akavuta pumzi kwa meno. Wakiuru akamgeukia Ruweida, akamweleza kwa utulivu kwamba kama angelishika lile dude kwa mikono yake na kulikokota, sasa hivi angekuwa anafunikwa leso na majirani wakiuliza ameacha watoto wangapi. Ruweida alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa jerikeni la Kaltuma, na Kaltuma, ambaye dakika kumi zilizopita alitaka kukanyagwa, akamshika mkono asianguke.

Wakiuru akakunja kitambaa kikavu, akang'oa plagi ukutani. Gitaa likakatika katikati ya noti.

"Usimzime," Kaltuma alisema. Hakupaza sauti. Ilikuwa kama mtu anayeomba mlango usifungwe.

"Nitamrudisha, mama. Nipe dakika mbili."

Alifungua plagi kwa bisibisi ile ile. Waya mwekundu ulikuwa mahali pake, mweusi mahali pake. Ule wa kijani na manjano, waya wa ardhi, ulikuwa umekatwa vizuri kwa wembe, ncha yake ikafungwa utepe mweusi. Haikuwa kazi ya panya wala ya bahati mbaya. Alimwonyesha Mbugua.

Ruweida alikuwa wa kwanza kusema. Kwa hivyo ni mtego. Arero hakutaka kuiachia amplifaya iende Nairobi, akamtegea mwenzake, kisha akakimbia. Alilisema kwa sauti ya chini, kwa heshima ya mama aliyekuwa amemshika mkono, lakini alilisema, na foleni yote ikalipokea. Kwa kupepesa jicho kijana aliyekuwa marehemu akawa muuaji.

Mbugua alitikisa kichwa, unga ukaanguka mabegani. Alieleza kwamba hilo ni jambo mafundi wa redio hufanya kila siku, na hata yeye aliwahi kufanyiwa redio yake hivyo. Kitu kikinguruma chini kwa chini, unakata waya wa ardhi, mngurumo unaisha. Kinakuwa safi kama maji. Hakuna anayekuambia kwamba umebaki na chuma kisichokuwa na mahali pa kumwaga stima, kikisubiri mtu wa kummwagia.

"Kwa hivyo Luke amesema kweli," Wakiuru alisema. "Ilinyamaza, Arero akacheka, Luke akaweka mdomo kwa maikrofoni."

Akasimama. Sasa mambo yalianza kukaa mstari mmoja. Mtu akishikwa na stima, mwenzake mwenye akili hamgusi. Hukimbilia meni swichi. Luke hakuweza kuizima akiwa chini. Muuaji hana sababu ya kuizima. Aliyeizima alikuwa anajaribu kuokoa mtu, na alitoka humu mbio, bila viatu, gitaa bado limemning'inia shingoni. Maana yake Arero alitoka kwa miguu yake. Kilichobaki ni alikoenda.

Na nani alikuwa anapiga gitaa.

Akarudisha plagi akiwa bado na kile kitambaa. Taa nyekundu ikawaka, manyoya yakasimama, mnyororo ukaanza kushuka kisimani. Wakiuru alisikiliza, kisha akauliza kama kuna mtu aliyekuwa akiyasikiliza hayo tangu mwanzo, si kuyakimbia.

"Mimi," Kaltuma alisema. "Nakaa hapa kutwa. Huyu ni Arero, afande. Si mashine. Wimbo wenyewe ni mpya, alikuwa anautunga. Jumamosi alikwama pale anaposhuka mara ya tatu. Jana akakwama hapo hapo, akarudia, akarudia. Leo asubuhi amepita."

Ruweida akashusha mwiko.

Wakiuru akayarudia maneno yale polepole, kama anayeyapima uzito. Kitu kilichorekodiwa hukwama mahali pale pale milele. Na mzimu, kama upo, una haja gani ya kusahihisha makosa?

"Maiti hafanyi mazoezi," alisema.

Akauliza kuhusu Jumapili. Ruweida, aliyefurahi kuulizwa jambo analolijua, alieleza kwamba Jumapili ilinyamaza kutwa nzima. Wao wenyewe walishangaa, wakasema labda ni jini Mkristo, limeenda kanisani. Foleni ikacheka, kicheko cha watu wanaotafuta sababu ya kutoogopa. Wakiuru hakucheka. Aliuliza ni nini kingine katika ua huu kinachopumzika Jumapili.

Macho yote yakamgeukia Mbugua, mzee wa kanisa.

Mbugua akasema mashine yake, lakini mashine ya posho haijui wimbo. Wakiuru alikubali. Hata hivyo akamwomba aende akaizime, ghafla, bila kumtangazia mtu, na yeye akabaki amesimama mbele ya ile ngozi, jicho kwenye saa ya mkononi. Dhana yake ya kwanza ilikuwa kwamba mota ya Mbugua inaitikisa stima na amplifaya inalia kwa sababu hiyo. Kama ni hivyo, zitakufa pamoja.

Mashine ikazima. Gitaa halikuzima. Lilimalizia noti iliyokuwa hewani, likagusa nyingine nusu, ndipo likakoma.

Nusu pumzi. Umeme haungoji nusu pumzi. Anayengoja ni mtu, mtu anayesikia mashine imekufa na kukumbuka kuinua mkono. Alikuwa anapiga tu wakati kelele ya Mbugua inaweza kumficha, na gitaa la umeme lisilochomekwa popote halisikiki hata chumba cha pili.

Tatizo lilikuwa kwamba limechomekwa, na mpigaji hajui.

Akaitazama tena amplifaya. Hakuna waya uliokuwa ukiingia kutoka kwenye gitaa lolote. Tundu lilikuwa tupu tangu polisi walipochukua besi na maikrofoni kuwa ushahidi. Lakini redio ya lori ilikuwa na selotepu juu ya namba zake, isizungushwe. Hapo akakumbuka kitu Luke alichokitaja kama mzaha. Waya wao wa gitaa ulikatika mwezi uliopita. Arero akachukua kile kidude cha gari, kinachotuma nyimbo za simu kwenda kwenye redio, akakibandika kwa gundi ndani ya gitaa pamoja na betri ya simu, kinawaka mara tu unapochomeka spika za masikioni. Gitaa likawa kituo kidogo cha redio. Luke alikuwa amesema kwa dharau kwamba hakifiki mbali, hata barabara hakivuki. Na Arero, aliyezima stima kwa mkono wake, hakujua kwamba Ruweida aliipandisha tena.

Alimwashiria Mbugua awashe tena. Mashine ikaunguruma, na baada ya pumzi tatu gitaa likarudi. Wakiuru akabandua selotepu, akazungusha kitufe cha redio kwa kitambaa. Gitaa likazama kwenye mvumo mtupu. Akakirudisha. Likaibuka.

"Yuko hewani," alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ilikuwa na haraka. "Ruweida, una redio?"

Ruweida alikuwa na redio ndogo ya kushonea, asiyoweza kutia uzi kwenye sindano bila hiyo. Wakiuru akaiweka kwenye namba ile ile ya redio ya lori, akavuta antena, akaanza kutembea.

Alipita foleni. Mvumo, na gitaa ndani yake kama mtu aliyefunikwa blanketi. Alielekea lango la barabarani. Gitaa likafifia likafa. Akarudi. Mbele ya jiko la Ruweida likapata nguvu. Karibu na choo likapungua. Watu walimfuata kwa umbali, wakiwa wamesahau mahindi yao, maana ilikuwa ajabu kuona mwanamke wa serikali akienda na redio mkononi na kijana aliyesemekana kutupwa lugani akimpigia njia. Alipofika nyuma ya nyumba ya mashine, mvumo ukaisha kabisa. Ilibaki nyuzi tu. Ilisikika hata kucha ikikwaruza uzi mnene, ule ambao, kwa maelezo ya Luke, Arero aliuchomoa kwenye waya wa breki ya pikipiki.

Mbele yake kulikuwa na stoo ya magunia. Ilikuwa na kufuli la Mbugua mlangoni, na askari waliimulika Ijumaa jioni, wakaona magunia mpaka darini, wakaondoka. Ubavuni, chini, bati moja lilikuwa limelegea misumari. Vumbi mbele yake lilikuwa na alama za nyayo bila viatu, kwenda na kurudi, zikielekea jikoni kwa Ruweida.

Wakiuru akainua mkono. Mbugua akazima.

Noti ikaisha. Nusu nyingine. Kimya. Unga uliokuwa ukielea hewani ukaanza kutua juu ya mabega ya watu, na kwa kitambo hakukuwa na sauti yoyote duniani ila ya ukanda wa mashine ukipoa.

Akachuchumaa karibu na bati.

"Arero," alisema. "Mimi ni Sajini Wakiuru. Luke yuko hai."

Akaligonga bati kwa kidole.

"Midomo imeungua. Kichwani ana nyuzi sita. Leo asubuhi ameniambia chai ya selo ni maji ya kuoshea vyombo."

Kitu kikasogea nyuma ya magunia. Sauti ikatoka, kavu, ya mtu ambaye hajaitumia siku nne. "Niliwaona wakimbeba. Amefunikwa."

"Alifunikwa kwa sababu alikuwa anatetemeka. Maiti hatetemeki. Nani kakwambia amekufa?"

"Hakuna. Mimi ndiye nilikata ule waya." Akakohoa unga. "Nilitaka inyamaze tu."

Bati likasukumwa. Kwanza ulitoka mkono, mweupe mpaka kiwiko. Kisha kichwa, nywele nyeupe, nyusi nyeupe, kope nyeupe, uso mzima umefutika isipokuwa mifereji miwili myeusi ilipopita machozi. Beseni likaanguka kwenye foleni na mahindi yakatawanyika bila mtu wa kuyaokota. Hata Wakiuru, aliyejua ni unga tu, alihisi nywele za mikono zikimsimama. Arero akatambaa nje akiwa amelikumbatia gitaa, spika za masikioni zikining'inia shingoni, akabaki amepiga magoti kwenye jua, macho yakikataa mwanga.

Kaltuma alimfikia wa kwanza. Hakumkumbatia. Alichukua ncha ya ushungi wake, akamfuta shavu, akaangalia kilicho chini yake. Akafuta na la pili. Alipoona ngozi ni ileile, ndipo alipomshika kichwa kwa mikono miwili na kusema kitu kwa Kiborana ambacho hakuna aliyethubutu kukirudia.

Wakiuru aliangalia saa. Tisa na robo. Akampigia Ndungu, akamwambia asitie wino kwenye kalamu, anamletea mtu hai. Kisha akamweleza Arero kwamba lazima waende kituoni sasa, Luke amwone kwa macho yake na faili lifungwe kabla ya saa kumi. Kijana akaitikia, akaanza kuinuka.

"Haendi popote," Ruweida alisema.

Alikuwa amesimama mbele ya mlango wake, mwiko bado mkononi. Alimwangalia Arero kutoka nywele hadi nyayo, kwa jicho la fundi anayepima kitambaa. Akamuuliza kama ni yeye aliyekuwa akirudisha kifuniko cha sufuria.

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Nilisema mimi, amelelewa." Akamgeukia Wakiuru, akamwambia kituo hicho kimejengwa kwa mawe na hakitahama kwa dakika ishirini. Kisha akasogeza pazia la mlango kando kwa bega, akalishikilia hapo. "Sita umekula gizani kama paka, Arero. Ya saba utaila umekaa. Ingia ndani, nawa mikono, ule. Na mama yako aingie naye, nisije nikalazimika kumvuka."